Mashine ya Majedwali Yazinduliwa Garsen

Bwana D.O. uliyeketi kivulini, machifu na manaibu wao, wazee wa Kipokomo na wa Kiorma, wafugaji wenye ng'ombe na wale ambao ng'ombe wao walikwenda na maji, akina mama wa Wema, Golbanti na Hewani, viongozi wa dini zote pamoja na ile ya chama, mabibi na mabwana: hamjambo? (Wachache: Hatujambo.) Ahsanteni kwa shangwe hizo.

Mimi, Mratibu Mkuu Mwandamizi wa Takwimu za Dharura, nina heshima isiyo kifani kuzindua Mradi wa Urasimishaji wa Majedwali kwa Njia ya Kompyuta, ambao, hata kabla ya kuzinduliwa, umefaulu kwa asilimia mia moja na kumi. (Mtu anakohoa.) Hapa hakuna kubofya picha ovyo, unaandika amri. Unaanza na nukta, T, S. Unamaliza na nukta, T, E. Katikati unaiamuru kila safu: herufi L, maneno yaegemee kushoto. R, yaegemee kulia. C, yakae katikati bila upande, kama mimi wakati wa uchaguzi. (Kicheko.) Programu hii ni tangulizi, yaani hufanya kazi kabla ya nyingine: hulipokea jedwali, hulipima, hulichorea mistari, kisha huikabidhi programu nyingine ipange ukurasa. Yenyewe haichapishi kitu. Kazi yake kupokea na kupitisha. Nilipoelezwa hivyo nilidhani wanaisifu ofisi yangu!

Sasa wapinga maendeleo wanauliza kuhusu msaada wa baada ya mafuriko. (Sauti: Tuambie!) Naam. Kati ya safu na safu hubonyezwa kitufe cha tabo. Mashine iliruka tabo moja, safu zikahama: mbegu za mpunga zikaangukia wafugaji, dawa ya kupe ikaangukia wakulima. Mimi sikuhusika.

(Mbodze, mkulima wa Wema, anasimama: "Bwana mkubwa, maji yalikuwa yameshashuka, shamba langu liko tayari, nikaletewa dawa ya kupe. Nimwogeshe nani, mume wangu?" Kicheko kirefu.)

Mama, serikali haiingilii mambo ya ndoa.

(Gumato, mfugaji wa Kiorma, anasimama kando yake: "Na mimi nililetewa mbegu, ndama wangu wanaanguka mmoja mmoja. Nikachukua gunia langu mpaka kivukoni. Huyu mwanamke alikuwa ameshafika na dawa yake. Hatukuwa tunajuana, na watu wetu walikuwa hawasalimiani. Tukabadilishana. Ndama aliyekuwa amelala chini akasimama. Wewe ulikuwa wapi?" Makofi. Mbodze anamshika mkono.)

Mmesikia wenyewe! Ndama amesimama! Hayo ni matunda ya mradi, na ule ushirikiano wa kivukoni niliuasisi mimi, kwa mbali. (Watu wanaanza kuondoka.) Ngojeni! Safu zinyooke! Tabo oyee! (Mbuzi analia.)

Kwa kumalizia, namshukuru dereva wangu Hirbo, aliyepunguza mwendo kule Minjila kwenye mashimo, nikaweza kumaliza jedwali la msaada kwa biro, juu ya paja. Nalishukuru pia gazeti lililoieleza kompyuta hiyo kinagaubaga. Tukiipata, pamoja na umeme wake, nitawaiteni tuje tuione. Hata mimi nina hamu ya kujua inafananaje.