Watu Wangu Wote ni Marehemu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Darasa langu la riwaya limefunguliwa rasmi! Nyuma ya duka, kati ya printa na katoni za karatasi. Tangazo lilikaa sokoni Kebirigo wiki mbili nzima. Walioahidi kuja: kumi na wanne. Waliokuja: dada yangu Persis, ambaye hushona sare za shule duka la pili kutoka hapa, na mke wangu Mokeira, aliyekuja kutafuta ufunguo akaketi kwa huruma.

Nikafundisha. Kanuni ya kwanza: mhusika azaliwe ukurasa wa kwanza. Ya pili: wazazi watajwe, kisha shule zote alizosoma, kwa utaratibu. Persis akauliza itakuwaje kama hadithi inamkuta mtu ana miaka arobaini. Nikamwuliza hiyo miaka arobaini mtu huyo alikuwa wapi, sokoni? Akasema basi hiyo si riwaya, Job, hiyo ni programu ya mazishi. Mbele ya wanafunzi! Nikamwambia mtu wa cherehani asinifundishe kazi. Akachukua daftari lake akatoka. Hatusemezani tangu hapo.

Ni kweli nachapisha programu za mazishi. Mwaka wa kumi na sita huu. Nimeandika wasifu wa marehemu zaidi ya mia tano, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Sasa niseme linalonikosesha raha. Valarie, mkutubi wa Nyamira mjini, zamani alikuwa mhariri Nairobi. Ameahidi kutuma muswada mmoja kwa wachapishaji aliofanya nao kazi. Mmoja tu! Mimi nina kurasa 412, miaka sita ya maisha yangu. Persis ana daftari moja la hadithi. Nimefikisha miaka hamsini na mmoja, na nafasi kama hii sitaiona tena. Darasa ni mbinu tu: Valarie asikie kwamba Job Ogoti ni mwalimu wa fani.

Jumanne, 4 Machi

Persis amefungua saa mbili kasoro dakika kumi. Si kwamba naangalia. Ni dirisha langu lilivyokaa.

Nimepeleka muswada Nyamira ndani ya katoni. Valarie ni mtu wa upande wa ziwa, mpole, hana haraka ya maneno. Akainua katoni, akaishusha, akauliza kama zote ni hadithi moja. Nikasema ni moja, ya Silvano, tangu kuzaliwa. Akasema ataanza leo. Daftari la Persis lilikuwa tayari mezani kwake. Amenitangulia, yule!

Jumatano, 5 Machi

Valarie amepiga simu. Amesoma kurasa sitini. Akaniuliza, Bwana Ogoti, mbona watu wako wote ni marehemu?

Nikamwambia bado, kifo cha kwanza kiko sura ya kumi na tatu. Akasema la, wamekufa tangu ukurasa wa kwanza. Kila mmoja ni mcheshi, mpenda watu, mcha Mungu, nguzo ya jamii. Hakuna anayekosea. Hakuna anayetaka kitu na kukikosa. Hakuna anayeogopa. Akasema nimpe Silvano dosari moja ya kweli, niandike ukurasa mmoja tu, aupate Ijumaa asubuhi. Hapo ndipo ataamua.

Miaka sita. Imeniuma, sitaficha.

Kisha nikaingia kazini. Dosari ya Silvano: mkarimu kupita kiasi. Nikampigia Valarie. Akasema hiyo si dosari. Anajituma mno? Akasema ana wageni maktabani, akakata. Nikamwuliza Mokeira mwanamume anaweza kuwa na kasoro gani. Alicheka hadi akaweka ndoo ya maziwa chini. Akasema nianze na wale wasiosemezana na dada zao. Nikamwambia hapa tunazungumzia fasihi.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja Mama Zilpa kutoka Itumbe. Mumewe, Mzee Benard, aliyekuwa akipima majani chai miaka mingi, anazikwa kesho. Nikamsomea wasifu niliokuwa nimeuandaa. Marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu, na kadhalika. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, kwa adabu zote, huyo ni nani.

Nikasema ni mzee wako, mama. Akasema, mwanangu, mzee wangu hakuwa mcheshi hata siku moja.

Basi akaongea, nami nikaandika. Benard na mdogo wake Andrew walikosana juu ya mpaka wa shamba, hatua tatu za ardhi. Miaka kumi na mmoja hawakusalimiana. Hata kanisani mmoja alikaa kulia na mwingine kushoto. Lakini kila asubuhi Benard alisimama nyuma ya nyumba akitazama kama moshi unatoka jikoni kwa Andrew. Asipouona, humtuma Zilpa huko akaombe chumvi. Akirudi hamwulizi lolote, humtazama usoni tu, kisha huenda kazini. Zilpa akasema nyumba yao ilikuwa na chumvi ya kutosha ng'ombe wote wa Itumbe. Alicheka, halafu akatoa kitambaa.

Mimi kalamu ilisimama. Dosari! Ya kweli kabisa! Na mwenyewe haihitaji tena. Mpango ukajileta: Silvano apewe ndugu, ndugu apewe moshi. Programu ibaki na wasifu wangu wa kawaida, maana mambo ya chumvi hayasomwi mbele ya jeneza. Nikayapiga chapa yote kama alivyosema, majina nibadilishe baadaye.

Saa tisa stima zikapotea, printa ikazima. Zikarudi saa kumi na mbili kasorobo. Nikachapa mbiombio: nakala mia tatu za Itumbe, ukurasa mmoja wa Valarie. Bodaboda wawili, mmoja huku, mmoja kule. Majina! Nimekumbuka sikubadilisha majina. Si neno, Valarie hamjui Benard.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu simu ya Valarie. Akasema, Bwana Ogoti, angalau safari hii umekubali kwamba amekufa.

Sikuelewa. Akanisomea: marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu. Mungu wangu! Sasa Itumbe imeenda nini?

Nilifika wasifu ukisomwa. Msomaji ni Mzee Lewis wa kanisa, kwa sauti ile ile anayosomea matangazo ya Sabato. Nikajibanza nyuma ya hema, karibu na sufuria za wapishi. Lewis akafika kwenye mpaka wa shamba, akasita. Akamtazama Zilpa. Zilpa akamwashiria aendelee. Akasoma moshi. Akasoma chumvi. Hata wapishi waliacha kukoroga. Nikajua nimekwisha. Andrew alikuwa mstari wa mbele, na alikuwa na fimbo.

Andrew akasimama, akaomba kusema. Akasema habari ya chumvi aliijua tangu mwanzo. Akasema kuna asubuhi nyingi ambazo hakuwasha moto makusudi, akakaa na baridi bila chai, ili Zilpa aje, naye amsome usoni ajue kama Benard ameamka salama. Akasema asubuhi ya siku ile hakuwasha moto. Akangoja hadi saa nne. Hakuna aliyekuja kuomba chumvi. Hivyo ndivyo alivyojua.

Watu walicheka, kisha wakalia, kisha wakafanya yote mawili. Mimi pia macho yaliniwasha. Ni kuni mbichi za wale wapishi.

Baadaye Zilpa alinishika mikono yote miwili. Akasema amekwenda mazishi mengi, lakini leo amemzika mtu anayemjua.

Jumapili, 9 Machi

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Kwa nini Itumbe walilia? Nimepata jibu. Karatasi! Ile nzito, yenye maua ya manjano pembeni. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuitumia.

Valarie ameletewa ile programu na mtu. Amepiga simu, sauti imebadilika. Akasema hicho ndicho alichokuwa akikitafuta, niandike hadithi hiyo, atanisubiri hata mwezi. Nikamshukuru, nikamweleza haitawezekana. Yale ni mambo ya watu wa kawaida, na Silvano amefika chuo kikuu. Akauliza kama namfahamu mtu mwingine yeyote mwenye tabia kama ya Benard, nimwandike huyo basi. Nikafikiri kwa makini, sikukurupuka. Nikasema hapana, simfahamu.

Akasema basi atatuma daftari la Persis. Atume! Mimi dosari ya Silvano nimeshaipata: ni mnyenyekevu mno.

Jumatatu, 10 Machi

Leo darasa la pili. Somo: kumjua mhusika wako kuliko anavyojijua. Nimeliandika ubaoni kwa rangi nyekundu.

Saa nne sasa na Persis hajafungua. Jana pia alifunga mapema. Hainihusu, na salamu simpi hadi aombe radhi. Nimemtuma Mokeira nyumbani kwake akaombe mkasi. Mokeira ametazama mikasi yetu mitano iliyotundikwa ukutani, akanitazama mimi, kisha akaenda.

Mokeira yule anarudi. Sitamwuliza kitu. Naona uso wake uko sawa tu, basi nianze somo.