Mlima wa Mahameli

Jumatatu, 10 Machi 2025
Mwalimu Lin wa klabu ya picha katangaza: basi la kwenda milimani Jumamosi limebaki na kiti kimoja. Atakipata mwenye picha bora ya mandhari. Moyo wangu! Milima nimeisoma vitabuni tu, nikalala nayo kifuani. Mwende wa dawati la mbele naye anakitaka. Hakunitazama hata. Afadhali, ningeona haya.

Jumanne, 11 Machi
Mtoni kabla ya shule, na simu ya mama. Ukungu wa Machi. Mto haupo. Daraja halipo. Nimepiga picha nyingi za weupe. Nilihisi nimo ndani ya wingu, nikasahau nimefuata nini. Nikachelewa hesabu.

Jumatano, 12 Machi
Wazo! Mama huwanunulia wateja wa Unguja vitambaa soko la Zhongda, huku ugenini tunakoishi, na sebule yetu imejaa sampuli. Leo mahameli ya kijani ilikuwa imejikunja juu ya kochi. Mabonde! Vilele! Nikaweka birika la umeme nyuma yake, mvuke ukapanda taratibu. Nikapiga picha, kisha nikabaki nikitazama tu, hadi mama akauliza chai iko wapi.

Alhamisi, 13 Machi
Mwalimu Lin kaitazama picha, kisha akasema anahisi baridi. Akauliza ni wapi. Nikajibu si mbali na nyumbani. Si uongo! Kiti ni changu. Mwende kanuna.

Ijumaa, 14 Machi
Balaa. Kila jioni mama hurusha picha za vitambaa kwenye kundi la wateja. Jana alirusha na mlima wangu, uliobaki kwenye simu yake, katikati ya shifoni. Ukawa kitambaa namba saba. Mama yake Mwende, anayejaza kontena pamoja na mama, yumo kundini. Leo, mbele ya darasa zima, Mwende kaniuliza: "Weh Pandu, mlima wako ni pesa ngapi mita?" Nilitamani kuingia ndani ya mkoba. Mwalimu Lin kacheka mpaka akavua miwani. Kiti kampa Mwende, kwa picha ya nguo zilizoanikwa! Nyumbani mama anaimba: namba saba inagombewa. Bi Maulida, mteja wake wa Darajani, anauliza kama na ule moshi umo kwenye kitambaa.

Jumamosi, 15 Machi
Basi limeondoka. Nimelala na atlasi, kidole kikipanda mistari ya milima, hadi nikasinzia. Mchana, ujumbe wa Mwende. Picha nyeupe tupu. Anasema wako kileleni, ukungu hauoneshi hata kiatu, na Jumatatu kila aliyekwenda lazima alete picha ya mlima. Halafu, kwa upole ambao sijapata kuusikia kwake: ile mahameli imebaki, Pandu?
Nikamjibu ya kijani imekwisha. Ipo ya zambarau, kwa milima ya saa za magharibi.
Mama kauliza birika nalipeleka wapi tena. Nikamwambia, kileleni.