Bango la Mita Kumi na Mbili

Jumatatu, 17 Februari
Mchungaji Pyo ametangaza baada ya ibada ya alfajiri: kura ya mzee wa kanisa itapigwa Jumapili, tarehe 2 Machi, siku tatu baada ya sisi kurudi kwetu Daegu, Korea. Nafasi moja. Majina mawili: langu, Ma, na la Shemasi Tak. Mara ya mwisho nilikosa kura nne tu. Tuko Kambodia, watu kumi na tisa wenye fulana za kijani, tunajenga chumba cha darasa la kwanza cha shule ya kijiji. Safari hii waumini wote wataniona pichani na mwiko wa uashi mkononi.
Tak kapewa ukuta wa mashariki, mimi wa magharibi. Yeye ni fundi wa vigae vya bafu. Mimi nina duka la kuchapisha mabango. Haki iko wapi?
Mke wangu, tuliyekuja naye, kasema jikoni wanatafuta mtu wa kumenya vitunguu saumu. Sikusikia.

Jumanne, 18 Februari
Fundi wa hapa, Sarath, alifanya kazi kiwandani Korea miaka saba. Lugha yetu anaijua, ila ya kiwandani. Kaning'iniza timazi kupima wima wa ukuta wangu, kautazama, kasema, "Bosi, huu umelewa." Kaniomba nikachanganye saruji. Nimekataa kwa upole. Mchanganya saruji hapigwi picha.

Jumatano, 19 Februari
Nimetoroka ibada ya alfajiri nimuwahi Tak. Nimemkuta Sarath akibomoa kozi zangu zote za matofali na kuzipanga upya. Tak anampitishia matofali. Nimeuliza wameanza lini. Tangu Jumatatu. Na wengine wanaorudiwa kazi, wapo? "Wako tu, bosi." Nimewaomba wasiseme. Tak kasema alidhani najua.

Alhamisi, 20 Februari
Ukuta wangu umefika juu, umenyooka. Nimepongezwa. Nimepokea.
Mwalimu Chanthou wa darasa la kwanza kaleta madawati, kayapanga nje, kando ya ukuta. Watoto wake arobaini na mmoja hawana chumba tangu mvua za Oktoba.
Kesho picha ya kikundi. Nimekuja na bango la turubai kutoka dukani kwangu, mita kumi na mbili, jina langu pembeni. Sarath kasema saruji bado mbichi na ukuta hauna lenta ya kuushika juu, nisifunge kitu. Tak kasema tulishike kwa mikono. Bango la kushikwa kwa mikono hukunjamana. Waumini wangesema nini juu ya kazi yangu? Nimelifunga jioni, kamba nane, likakaza kama ngoma.

Ijumaa, 21 Februari
Upepo ulikuja saa nne. Turubai lilivimba, ukuta ukalifuata. Hakuna aliyeumia, Mwalimu Chanthou alikuwa amewaita wote wakale tikiti maji. Madawati yote yamevunjika isipokuwa mawili. Aliokota chaki zake kwenye vumbi, moja moja, kisha akamtuma Sarath aniulize tutarudi kuujenga mwezi gani.
Sijawahi kujuta hivi.

Jumamosi, 22 Februari
Nimechanganya saruji kutwa nzima. Jioni nimemenya vitunguu saumu. Mke wangu kasema hiyo ndiyo picha ambayo angeipiga. Hakuipiga.
Nimemwomba Mwalimu msamaha. Kanipa kipande cha tikiti. Nilikula nikitazama chini.
Tak kabadilisha tiketi. Atabaki na Sarath hadi katikati ya Machi wausimamishe ukuta wangu. Kura itampita, hivyo kamwomba Mchungaji alifute jina lake. Nilimshika mkono. Ni mtu mwema kuliko mimi, na nimeandika hivyo kwa mkono wangu.
Nimebaki peke yangu kwenye karatasi ya kura.
Nimempigia msaidizi wangu dukani achapishe: "Hongera Mzee wa Kanisa Ma." Mita kumi na nne. Kuna uzio mpya wa matofali mbele ya kanisa. Mafundi wanaumaliza Ijumaa. Nitalifunga Jumamosi, tarehe 1 Machi, jioni. Kamba kumi.