Karte ya Dahabu ya Mutoto Emérence

Beni, commune ya Beu, mwezi wa tatu 2000

Kwa Baba Mukubwa Melchior, Président wa Komite ya Bacommerçant Bakubwa, Butembo

Baba Mukubwa wa heshima,

Unisamehe sana kwa kukawia kuandika. Tangu Noeli karatasi iko, lakini kalamu mutoto anaitafunaka, na mukono mumoja kila saa unamushika yeye.

Nimesikia komite yenu imepatana na bakubwa ba bunduki, na sasa ninyi matajiri kumi na wawili muko na Karte ya Dahabu. Pongezi! Ni juu ya ile karte ninaleta malalamiko, na roho safi kabisa.

1. Kwa bariere, mwenye karte hashukaki kwa gari. Anaionyesha kwa dirisha, basoda, askari ba bariere, banapiga saluti. Mimi ninashushwa, ata nikiwa kwa miguu. Nikibeba kopo ya unga, inabaki pale, nikikosa, ninarudishwa. Donc Emérence wangu, miezi tisa, amekosa kupimwa kilo mara mbili, maana centre de santé iko ng'ambo ya bariere. Akikosa ya tatu, jina lake linafutwa kwa liste ya maziwa. Na anakonda, Baba.

2. Mwenye karte hafanyi salongo, ile kazi ya lazima bila malipo. Kila Jumamosi sisi tunalima barabara, gari zenu zipite muzuri. Sikatai. Nauliza tu: kati ya anayelima na anayepita, nani anachoka?

3. Mwenye karte anakopa camion nzima ya vitenge kule Kasindi. Anasema "nitalipa", batu banamuletea kiti. Mimi nikikopa chumvi, Mama Vagheni wa boutique ananionyesha mulango.

4. Kwa uwanja wa ndege kuko kiti cha mito, cha wenye karte peke yao. Sisi ndege hatupandi. Tungekaa tu, ninyonyeshe.

Nimefikiri muzuri, nikaona muko na haki: mutu wa mizigo mingi asisumbuliwe njiani. Kosa ni moja, liste yenu mumeiandika kichwa chini. Mizigo yako inabebwa na camion. Yangu iko mugongoni, na inalia. Kwa hiyo naomba karte moja, kwa jina la Emérence. Mimi nitapita kama mubebaji wake.

Salimia Mama Mukubwa Germaine, batoto bote, na mulinzi wa mulango, ata kama siku ile nilikuja kwenu hakunifungulia.

Ni mimi, binti wa mudogo wako,
Kavuo Orpa

P.S. Ile karte niliyoomba, basi, usiitume tena. Barua ilikuwa ingali inangojea shofere wako Ésaïe, Alhamisi ya kupima ikafika. Ézéchiel, mupiga picha wa soko, alikuwa amenifunikia fiche, ile karatasi ya kilo ya mutoto, na plastiki, mvua isiiharibu. Kwa bariere soda akaiona inang'aa, akafikiri ni Karte ya Dahabu, akasoma ile 7 ya kilo, akazani ni tani za camion yangu. "Pardon, mama présidente, leka, pita!" Saluti juu! Emérence amepimwa, maziwa tumepata. Nyuma yangu, Ésaïe akafika na karte yako. Basoda bakaigeuza-geuza: uzito hauko, hii ni ya uongo! Bakamushusha. Donc Baba, uje Alhamisi, na wewe tukupime. Tafazali unitumie: sabuni vipande viwili, plastiki meta tatu, maana bamama bote ba Beu banaitaka kwa fiche zao, na kitambaa kigumu, juu ile kilote, kasuruali ka kuning'inizia batoto kwa mizani haitakutosha, nitakushonea yako.