Mnyang'anyeni Binti Yangu Cheti cha Mazoezi

Patrobas Shiundu,
Ghorofa ya tano, nyumba ya kijani nyuma ya soko,
Pipeline, Nairobi.

Kwa Mkuu wa Chuo cha Walimu wa Mazoezi ya Viungo,
Nairobi.

Bi Mkuu mheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUFUTWA KWA CHETI CHA BINTI YANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na walimu wako. Mimi ni baba yake Vivian, yule msichana mrefu mwenye sauti kubwa, ambaye mlimfundisha ualimu wa mazoezi na kumpa cheti mwaka jana. Siku ya sherehe nilikuwepo, safu ya nyuma, suti ya kahawia. Sina ugomvi na chuo chenu. Viti vilikuwa safi na soda ilikuwa baridi. Naandika kukuomba tu, kwa unyenyekevu, mumnyang'anye cheti hicho, kwa sababu hizi:

1. Kazi yenyewe. Mimi ni mfanyakazi wa kiwanda cha biskuti. Maisha yangu yote nimebeba magunia ya unga wa ngano ili watoto wangu wasije wakabeba kitu. Vivian alipomaliza shule alipata kazi ya keshia katika duka la vifaa vya ujenzi huko mtaa wa Fedha. Keshia hukaa, Bi Mkuu. Tangu babu yangu, hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulipwa akiwa ameketi. Kila mgeni aliyetutembelea kutoka nyumbani nilimpitisha nje ya duka lile, polepole, amwone binti yangu dirishani amekalia kiti chenye magurudumu. Kisha akaacha. Akaniambia, "Baba, pale nazeeka. Nataka kufundisha watu mazoezi." Nilidhani ni homa, nikamwambia mama yake amtengenezee uji. Leo anabeba vyuma. Mimi nikibeba gunia, linaenda mahali. Yeye chuma anakiinua, anakirudisha palepale kilipokuwa, na watu wanampigia makofi.

2. Mashuka. Jimu za Fedha, yaani kumbi za mazoezi, zilimwambia angoje nafasi ipatikane. Hakungoja. Alianzia juu ya paa la nyumba tunayopanga, pale tunapoanika nguo. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa jirani yetu Ruqiyo, mama anayeuza vitambaa, ambaye daktari alimwonya kuhusu sukari. Ruqiyo hakutaka kurukaruka mbele ya macho ya wanaume, na hapo namuunga mkono kabisa. Basi Vivian akatundika mashuka kwenye kamba za nguo, pande zote nne, pakawa kama chumba. Mashuka yalikuwa yangu. Nilipopanda kuyadai nikasikia, "Baba, usiingie! Kuna akina mama!" Nikasema mimi nataka shuka tu. Ruqiyo akanijibu kutoka ndani, kwa adabu zote, "Mzee Shiundu, tuvumilie kidogo, tunapumua." Nikakaa kwenye ngazi kungoja. Bi Mkuu, mimi nimepumua tangu nizaliwe, bila mwalimu, na sijawahi kumzuilia mtu shuka lake kwa ajili hiyo.

3. Maji. Hili ndilo linaloniuma, nalo naomba ulisome polepole. Mke wangu Asenath alikuwa na magoti mabaya. Maji yakikatika, ambalo ni jambo la kawaida kwetu, mitungi hujazwa chini kwenye tangi na kupandishwa hadi ghorofa ya tano. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Asenath alikuwa akichungulia dirishani na kuita, "Baba Vivian, maji!" hata majirani wakasikia. Nilikuwa nanung'unika, ndiyo, lakini nilikuwa naenda. Baadaye naye akapelekwa juu ya paa. Sikuambiwa anafundishwa nini. Jioni moja natoka zamu, nakuta mitungi yote imejaa, imepangwa ukutani. Nikauliza nani amepandisha. Akasema, "Mimi." Nikamuuliza, "Na magoti?" Akasema, "Magoti yamenyamaza." Alisema hivyo huku akikata sukuma wiki, wala hakugeuka. Nilikaa kitandani na viatu vyangu miguuni. Tangu siku ile sijaitwa. Maji yakikatika mimi husimama dirishani mwenyewe, nikikohoa kidogo, endapo mtu atanihitaji.

4. Wanaume wa nyumba yetu wamepungukiwa ugali, kwa kuwa wake zao wamefundishwa kule juu ya paa kupika kidogo. Walikuja kwangu wakiongozwa na Andati, mlinzi wa lango, wakanitaka kama mzazi niongee na mtoto wangu. Niliongea. Nikamwambia, "Vivian, wanaume wanalalamika." Akasema, "Waambie waje Jumamosi asubuhi, wavae raba." Hilo si jibu.

5. Moto. Nitaeleza kwa haki, hata sehemu ambazo hazinisaidii. Ghorofa ya sita anaishi Bi Batulo, mama yake Ruqiyo. Siku alipohamia alipandishwa akiwa amebebwa kwenye kiti, na kwa sababu ya miguu yake hakuwahi kushuka tena. Vivian alikuwa akienda kwake kila baada ya darasa. Alimfundisha kusimama akiwa ameshika kitanda, kisha mlango, kisha chuma cha ngazi. Nilimkanya. Nilimwambia mtu mzima aachwe apumzike. Akanijibu, "Baba, amepumzika vya kutosha. Anataka kuona barabara."

Mwezi uliopita, mchana, mimi nikiwa nyumbani kwa sababu nilikuwa zamu ya usiku, karakana ya fundi wa makochi iliyo chini ya nyumba yetu ilishika moto. Sponji ikiungua hutoa moshi mweusi, mzito kama blanketi. Ngazi ni moja tu. Nilitoka mbio nikiwa na wazo la kuokoa watu. Nilipofika ghorofa ya tatu kifua kilijifunga, miguu ikakataa, nikaketi. Niliona akina mama wa paa wakinipita kwa mstari, watoto migongoni, leso zilizoloweshwa zimefunika pua, hakuna anayesukumana. Nilimwona Bi Batulo akishuka kwa miguu yake mwenyewe, Ruqiyo yuko nyuma amemshika kiuno, na Vivian mbele yake akirudi kinyumenyume na kumwambia, "Mguu huu. Sasa huu. Niangalie mimi, usiangalie moshi." Binti yangu aliniona nimekaa pale. Macho yake yaliniuliza kitu, lakini mikono yake ilikuwa imeshika mikono ya bibi, na hakuiachilia. Alipiga kelele moja tu: "Mama! Baba yuko tatu!"

Asenath alitokea juu. Nikamwambia, "Wewe tangulia." Akasema, "Nyamaza, Baba Vivian. Shika shingo."

Bi Mkuu, mke wangu alinibeba mgongoni, kutoka ghorofa ya tatu hadi barabarani, mchana kweupe, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Nilimsikia akihema sikioni mwangu, na hata kwenye moshi ule alikuwa anahema kwa mpangilio. Tulipotokea nje umati ulishangilia. Andati aliruka juu akipaza sauti, "Mathe ni moto! Mathe ni moto!" Mathe kwao ni mama, na moto hapo ni sifa. Hakuna aliyekufa. Fundi alipoteza makochi yake. Bi Batulo alikalishwa kwenye kreti ya soda, akatazama barabara, magari na mbuzi wa watu, akalia, kisha akaitisha chai. Naye Vivian alikuja akanishika mkono, akaanza kunihesabia mapigo ya moyo. Uso wake ulikuwa na machozi na masizi. Sikumzuia, kwa sababu nilikuwa sina pumzi.

Nimeambiwa kwamba kama Bi Batulo angehitaji kubebwa, na kama Asenath angekuwa na magoti yake ya zamani, hesabu ya siku ile ingekuwa nyingine. Nakubali. Lakini hilo halibadilishi malalamiko yangu, kwa sababu sasa mimi nimegeuka kifaa cha mazoezi. Nthenya wa ghorofa ya pili amemuuliza mke wangu, kwa heshima, kama anaweza kuniazima Jumamosi, ajipime nguvu kwa kunibeba. Asenath alisema atafikiria.

Kutokana na hayo yote, naomba: kwanza, cheti kifutwe, ili Vivian arudi kwenye kiti chake Fedha. Pili, kama sheria zenu haziruhusu, basi ipigwe marufuku mwalimu yeyote kumfundisha mama yake mzazi. Tatu, kwa walio na nguvu tayari, mtufahamishe kama kuna dawa ya kuwarudisha walivyokuwa, au angalau ya kuwafanya waite mtu hata mtungi mmoja kwa wiki.

Nisalimie walimu wote, karani wa mapokezi, na yule askari wa lango aliyenionyesha choo siku ya sherehe. Asenath anakusalimu. Ruqiyo anakusalimu. Bi Batulo amesema akiweza atakuja kukusalimu mwenyewe.

Ni mimi, mzazi mwenye masikitiko na afya ya kadiri,

Patrobas Shiundu

Tanbihi: Kabla ya kukifuta, naomba nakala moja ya cheti hicho, ya rangi, muhuri uonekane. Msimamizi wetu wa zamu, Bwana Matheka, amesema mbele ya wafanyakazi wote kwamba kurukaruka si kazi, na kwamba binti yangu anacheza tu. Nilisimamisha mashine nikamwambia binti yangu ni mwalimu, tena mwenye cheti. Akasema nikilete. Nimeahidi kukileta Jumatatu na kukibandika ukutani pale tunaposomea zamu zetu. Kama kazi ofisini ni nyingi, anzeni na hili. Lile jingine halina haraka hata kidogo. Ila mlichompa mmekiandika Vivian Nabalayo, mkaishia hapo. Changu kiandikwe jina lote, hadi Shiundu.