Nilivyojifukiza Mbele ya Mhariri

Jamaa zangu mlioko Misri, niliosoma nanyi huko, leo sina uso wa kutoka nje.

Mwajua naliandikia gazeti la Mombasa kutoka huku kisiwani Amu. Kuandikia, si kuajiriwa. Habari ikichapwa, nalipwa; isipochapwa, nimetoa wino sadaka. Mwenzangu Salim wa Mombasa ana kiti, meza na mshahara, hata mwezi asioandika neno. Kwa nini? (Mwanijua, nisipouliza silali.)

Leo mhariri mwenyewe kateremka melini, Salim nyuma yake. Alikuja kuamua: aniajiri, au aniache, na habari za Amu aziandike Salim kutoka Mombasa. Kutoka Mombasa! Atazinusa kwa upepo?

Bwana Athmani, tajiri wa mtaani kwetu, akatualika sote chakula cha mchana. Tukala. Mhariri akasifu wali, kazi hakuitaja. Mara kikaletwa chetezo cha makaa, udi wafuka, tujifukize tuagane. Tuagane! Na kazi yangu je?

Zamu yangu ikafika. Nikasimama juu ya chetezo, nikakifunika kwa kanzu kama afanyavyo kila mtu. Watu hukaa pale kidogo tu, wakapisha. Mimi nikaona ndipo mahali pa kuhutubia.

"Bwana Mhariri, mimi na Salim kalamu zetu ni sawa. Mbona yeye ana mshahara, nami nina matumaini?"

"Hamadi," akasema Bwana Athmani, "wapishe wenzio."

"Niache, Bwana, nidai haki yangu!"

Nikainua kidole. Nikasikia joto magotini. (Nikadhani ni ushujaa!)

"Hamadi! Kanzu!"

"Kanzu si hoja, Bwana. Hoja ni mshahara!"

Hapo moto ukanifika pajani. Yallah! Nikaruka, nikapiga chetezo teke, makaa yakatapakaa zuliani. Nikaivua kanzu, nikaitupa dirishani. Nikabaki na kikoi na kofia mbele ya mabwana wazima. Nyuma ya pazia Bi Khadija, mke wa mwenye nyumba, akauliza kwa sauti: "Huyo ndiye msomi wa Misri? Huko hawajifukizi?"

Mhariri alicheka hadi machozi. "Hii naichapa ukurasa wa kwanza!"

Nikachangamka, nusu uchi. "Niiandike leo, Bwana?"

"Ah, ya nini? Salim yupo, na mshahara wake nimeshamlipa."

"Na kazi yangu?"

"Tutaona."

Basi nimejifunza: asiye na mshahara huungua, mwenye mshahara huandika. Gazeti likiwafikia huko, tafadhali, msicheke.