Gari la Katikati ya Kabati

Jumatatu, 3 Juni

Mwanyumba naye kanunua! Huyu bwana aliyeoa mdogo wa mke wangu hataki nipumue. Mimi ndiye niliyeliona dukani lile boksi la gari dogo la mbio la kuunganisha, pacha wa kichezeo alichokipenda marehemu baba mkwe. Mimi ndiye niliyempelekea mama mkwe habari. Akafurahi, akasema litakalopendeza zaidi litakaa katikati ya kabati lake la vioo. Kumbe kawaambia wakwe wote wawili. Picha ya harusi ya mwanyumba imo kabatini, mbele kabisa. Yangu imo pia, nyuma ya birika.

Jumanne, 4 Juni

Nimepita kwa mwanyumba, eti kumjulia hali. Kila kipande kakipiga msasa. Anapaka bluu, anangoja ikauke, anapaka tena. Subira gani hiyo? Kijicho kilinibana nikashindwa kumaliza chai. Nikamsifu. Akashukuru kwa moyo wote, jambo lililoniudhi zaidi.

Langu nimelipaka rangi nyekundu, mara moja, nene, nikalikausha kwa mashine ya nywele ya mke wangu. Bampa imepinda. Nitasema ndio mtindo. Bawa la nyuma nimelikata kwenye kifuniko cha kopo la siagi. La kwake halina bawa!

Alhamisi, 6 Juni

Mpango! Muuza duka kanionya nisiguse vioo vya gari kwa gundi ya papo hapo. Mvuke wake huvigeuza vyeupe, na weupe hautoki. Nikashukuru, nikanunua kichupa, nikampelekea mwanyumba zawadi. Nikamwambia mabingwa wote hubandikia vioo kwa hiyo. Akanikumbatia.

Jumamosi, 8 Juni

Maskini mimi! Nikiwa kazini kioo changu cha mbele kilibanduka, mke wangu akamwita shemeji yake aje kukirudisha. Akaja mbio na kichupa chake. Akasema gundi nzuri namna ile si haki aanze kuitumia yeye. Akabandika vioo vyote, hata visivyolegea! Alipoondoka vilikuwa safi. Niliporudi mimi, gari zima lina mtoto wa jicho.

Mke wangu akauliza mbona nimenuna na mwenzangu katenda wema. Niseme nini? Nikisema gundi mbaya, ataniuliza nilijuaje. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wahenga hawakuwa na mwanyumba.

Jumapili, 9 Juni

Kwa mama mkwe. Magari yote mezani. La mwanyumba linang'aa, langu kipofu. Ghafla mwanyumba akaanza kulia! Akasema yeye ndiye aliyeniharibia, la kwake lisihesabiwe. Wote wakanigeukia. Ilikuwa nafasi ya kusema kweli. Nikafungua mdomo, nikasema nimemsamehe.

Mama mkwe akasema nina roho nzuri. Gari langu likawekwa katikati! Nimeshinda! Lakini wakati wa kula, mwanyumba ndiye aliyebembelezwa. Mama mkwe alimwita "mwanangu" na kumwekea paja la kuku. Mimi nilipata shingo.

Jumatatu, 10 Juni

Tangu asubuhi mke wangu anamsifu: mwanamume anayejua kuomba radhi, wako wangapi? Sawa. Kesho nakwenda kwa mama mkwe kuomba radhi mimi pia, na nitalia kumshinda. Tatizo ni moja tu, sina kosa. Itabidi nibuni.